Tuwape wanafunzi kompyuta inayosubiri kuambiwa

Simu wanazotumia wanafunzi wangu hapa Ilemela, ziwe zao au za wazazi wao, zinaweza kutatua karibu kila mlinganyo uliomo kwenye kitabu cha Kidato cha Nne. Mtoto anapiga picha swali, anasubiri kidogo, na hatua zote zinajipanga kwenye kioo. Photomath, iliyotoka Kroatia mwaka 2014, ndiyo iliyowazoesha wengi jambo hilo, na programu za akili bandia zimekuja kuongeza kasi. Asubuhi daftari linaletwa likiwa safi kabisa. Namwita mwenye daftari ubaoni, nabadilisha namba moja tu kwenye swali lilelile, na hajui aanzie wapi.

Walimu wenzangu wengi wameona dawa ni kuifukuza kompyuta kwenye hisabati. Mimi nafundisha somo hilihili na nasema kompyuta iingie darasani, ila iingie ya aina nyingine. Zipo programu za aljebra ambazo hazisogei mpaka uziambie la kufanya. Wewe unachagua hatua, zenyewe zinaitekeleza bila kukosea alama, kisha zinakuonyesha ulipofika, pawe pazuri au pabaya. Zipo bure, na nyingine hazihitaji bando.

Nitaeleza kwa dagaa, kwa sababu nyumba nyingi wanakotoka wanafunzi wangu zinaendeshwa na dagaa. Pale Mwaloni Kirumba mitumbwi na boti hushusha mzigo kutoka Ukerewe na visiwa vingine, na malori hupakia kwenda mikoani na nje ya nchi. Tuseme mama mmoja ananunua gunia kwa shilingi 80,000 na kuliuza kwa 95,000. Lori, ushuru na wapakiaji vinamla 180,000 kwa safari, awe na magunia machache au mengi. Anataka abaki na faida ya 300,000, maana shule zinafunguliwa. Apeleke magunia mangapi?

Kwa kanuni, swali hilo ni mstari mmoja: F = n(b − k) − u. F ni faida, n ni idadi ya magunia, b ni bei ya kuuzia, k ni bei ya kununulia na u ni gharama za usafiri. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili ukimpa n atakupa F mara moja, kwa kuwa anajua magazijuto tangu shule ya msingi: mabano kwanza, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa. Ukimgeuzia swali, ukampa F na kumwomba n, wengi wanakwama hapohapo.

Nilimuuliza mzazi mmoja anayefanya biashara hiyo, binti yake akiwa amekaa pembeni yake. Hakushika kalamu.

"Mwalimu, kwanza lazima nirudishe hela ya lori. Hiyo laki moja na themanini naijumlisha na ile laki tatu ninayoitaka. Halafu naangalia kila gunia linanipa ngapi. Linanipa kumi na tano. Basi ni magunia thelathini na mawili."

"Sawasawa kabisa, mama," nikamwambia. Binti yake, ambaye namfundisha, alikuwa bado anaikodolea macho ile kanuni.

Mama yule alifanya aljebra kamili. Alijumlisha u pande zote mbili, kisha akagawanya kwa (b − k). Ukiiandika kazi yake inakuwa n = (F + u)/(b − k). Alichokosa binti yake ni ruhusa ya kuishika kanuni na kuigeuza, kwa sababu sisi walimu tumemfundisha kwamba kitu kikivuka alama ya "sawa na" kinabadilika: kujumlisha kunakuwa kutoa, kuzidisha kunakuwa kugawanya. Ni kama kumwambia kwamba abiria anayepanda kivuko Mwanza mjini hushuka Kamanga akiwa mtu mwingine, wala asiulize kwa nini. Ukweli ni kwamba hakuna kinachovuka. Unafanya kitendo kimoja upande huu na kitendo kilekile upande ule, na usawa unabaki. Mtoto anayelijua hilo hahitaji kukariri nani anabadilika kuwa nani.

Sasa tuiandike kanuni hiyo kwenye Maxima, programu ninayoitumia mimi. Unachapa F = n*(b-k)-u. Ile nyota ya kuzidisha ni lazima, la sivyo kompyuta haitajua kwamba n inazidishwa na mabano. Kisha unachapa %+u, maana alama ya asilimia humo ina maana ya "mstari uliotangulia", na programu inaongeza u pande zote mbili. Upande wa kushoto zinabaki F na u, upande wa kulia zinabaki n na mabano yake. Unachapa %/(b-k), na n inasimama peke yake. Hatua mbili, kila moja imeamuliwa na mwanafunzi, na kila moja imeacha mstari wake kwenye kioo. GeoGebra nayo, programu iliyobuniwa na Markus Hohenwarter wa Austria na inayojulikana zaidi shuleni kwa michoro yake, ina sehemu ya aljebra inayofanya hivyohivyo: unaufunga mlinganyo mzima kwenye mabano, unaandika +1 nje yake, nayo inajumlisha moja kila upande.

Mtu anaweza kuuliza faida iko wapi, ikiwa kazi hiyo inafanyika hata kwa kalamu. Faida niliiona siku wanafunzi walipoanza kuchagua hatua ambazo mimi nisingezichagua.

Mmoja alianza kwa kugawanya pande zote kwa n. Kwa kalamu angefanya lile kosa ambalo kila mwalimu wa hisabati nchini analijua: angeikata n ya juu na n ya chini na kuiacha u bila kuigusa, akapata F/n = b − k − u. Programu haikumruhusu. Ilimwekea mstari mrefu, F/n upande mmoja, na upande wa pili kila kitu kikiwa juu ya n. Akauliza, "Mwalimu, mbona haikati?" Nikamwambia aiamuru ifungue mabano. Ikamletea F/n = b − k − u/n.

Darasa likatulia kuutazama mstari ule. Tuliusoma pamoja kwa Kiswahili cha sokoni: faida ya kila gunia ni tofauti ya bei, ukitoa mgawo wa gunia hilo katika gharama ya lori. Ukipeleka magunia 24, kila gunia linabeba 7,500 ya usafiri. Ukipeleka 40, linabeba 4,500. Kila mfanyabiashara wa Mwaloni analijua hilo, ndiyo maana wenye mzigo mdogo huungana kukodi lori moja. Mwanafunzi aliyechagua hatua ambayo mimi ningemzuia kwa kalamu nyekundu alitufikisha kwenye jambo ambalo njia yangu fupi isingetupitisha.

Hapo ndipo penye tofauti na ile simu ya kupiga picha. Simu ina njia yake moja na inakupitisha humo. Nayo hatua zinaonekana, sikatai, lakini aliyezichagua si wewe. Katika aljebra kuna hatua haramu, kuna hatua halali zisizokusogeza, na kuna hatua halali zinazokufikisha. Kwenye daftari, aina mbili za kwanza zote mtoto anazikuta zimepigwa mkasi mwekundu, asijue lipi lilikuwa kosa na lipi lilikuwa mzunguko tu. Akiwa na programu inayokataa haramu na kutii halali, muda wake wote anautumia kufikiria aelekee wapi.

Na kanuni iliyogeuzwa inajibu swali jipya. Lori likiwa na nafasi ya magunia 24 tu, mama yule haulizi tena magunia mangapi, anauliza auze kwa bei gani: b = k + (F + u)/n, yaani 80,000 na 20,000 juu yake, shilingi 100,000. Bei ya kuuzia ikishuka mpaka 92,000, atahitaji magunia 40 apate faida ileile. Uhusiano ni mmoja, maswali ni mengi, na anayejua kuugeuza hahitaji kukariri kanuni nne. Kitabu cha al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad karibu mwaka 820 na kuipa aljebra msingi wake, kilitumia sehemu kubwa ya kurasa zake kugawa mirathi. Hesabu hizi zimekuwa za watu wenye mali ya kugawana na biashara ya kufanya tangu mwanzo.

Lipo jambo ambalo programu haitamwambia mtoto, na hapa mwalimu hana mbadala. Ukiiambia igawanye kwa (b − k) itagawanya, na haitauliza kitu. Lakini b ikilingana na k, unagawanya kwa sifuri. Nikiwauliza wanafunzi hali hiyo ina maana gani sokoni, wanakaa kimya kidogo kisha mmoja anasema: umenunua themanini ukauza themanini, hata ukipeleka magunia elfu moja hutapata faida, na hela ya lori imekwenda. Ndiyo maana kanuni inakataa kutoa n. Hakuna n. Swali kama hilo lazima liulizwe na mtu, tena kabla ya kubonyeza.

Wanaodhani kompyuta inajua yote wafuatilie kidogo historia ya programu hizi. Maxima ni mtoto wa Macsyma, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968 katika chuo cha MIT, Marekani. Mmoja wa watu wake wakuu, Joel Moses, aliandika makala mwaka 1971 kuhusu kazi ya kurahisisha mitajo ya aljebra, na humo akawagawa watengenezaji wa programu kama mtu anavyogawa vyama vya siasa. Kuna wenye msimamo mkali, ambao programu zao hulazimisha kila mtajo uingie kwenye umbo moja. Kuna wahafidhina, wanaoamini kwamba hakuna programu inayoweza kukisia mtumiaji anataka nini, kwa hiyo aachwe aamue mwenyewe. Katikati yao wapo wengine wa kila namna.

Katika hili mimi niko na wahafidhina, na mfano mmoja unatosha. Chukua x kwa kipeo cha 100, toa moja, gawanya kwa x kutoa moja. Mtajo huo unaingia kwenye kiganja. Ukiiambia kompyuta irahisishe kwa kukata kilicho juu na kilicho chini, itakuletea mlolongo wa vipande 100, kuanzia x kwa kipeo cha 99 mpaka moja. Kipi ni rahisi? Inategemea unataka kufanya nini baadaye. Kompyuta haijui kesho yako. Isitoshe, mwaka 1968 Daniel Richardson alithibitisha kwamba, mara tu unapochanganya vitu kama sine na thamani kamili kwenye mitajo, hakuna utaratibu mmoja wa kompyuta unaoweza kuamua kila wakati kama mtajo fulani ni sawa na sifuri. Huo ni mpaka uliothibitishwa, na mashine yenye nguvu kuliko zote haitauvuka.

Kuhusu gharama, Maxima ni ya bure kwa kila mtu kwa sababu ya mtu mmoja, William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyeitunza kuanzia 1982 hadi alipofariki mwaka 2001. Mwaka 1998 alipata kibali kutoka Wizara ya Nishati ya Marekani cha kuitoa kwa leseni huria. Tangu hapo yeyote anaweza kuipakua, kuinakili kwenye flashi na kumpa jirani, bila kuvunja sheria. Inakwenda vizuri kwenye kompyuta mpakato ya zamani. Ipo hata ya simu za Android, na ukishaiweka haikuombi intaneti. Kwa mwalimu wa shule ya kisiwani ambako mtandao unakuja na kuondoka, hilo ni jambo kubwa.

Basi tuna haja gani ya kuhangaika? Haja ipo kwenye matokeo. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa 2022 waliofaulu Hisabati walikuwa asilimia 20 hivi, na mwaka 2023 wakafika asilimia 25 hivi. Yaani kati ya watoto wanne wanaokaa kwenye chumba cha mtihani, watatu wanatoka bila somo hili. Sidai kwamba programu moja itaponya hali hiyo, ambayo ina mizizi kwenye wingi wa wanafunzi darasani, uhaba wa walimu, na lugha ya kufundishia inayobadilika ghafla mtoto anapoingia Kidato cha Kwanza. Nadai kwamba kugeuza kanuni ndiyo mlango wa nusu ya mada zinazofuata, na kwamba hapo tunawapoteza wengi mapema mno.

Wapo waliotutangulia, tena ndani ya bonde la ziwa hilihili. Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu, mahali ambapo mstari wa ikweta unapita, kimekuwa kikitumia tangu 2019 mfumo uitwao STACK kwa masomo yake ya hisabati. Mfumo huo ulianzishwa na Chris Sangwin alipokuwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na moyo wake ni Maxima hiyohiyo. Maseno walikuwa na shida tunayoijua: madarasa ya mamia ya wanafunzi na wahadhiri wasioweza kusahihisha mazoezi ya wote kila wiki. Sasa mwanafunzi anachapa mtajo wake, Maxima inaulinganisha na jibu sahihi, na haijali kama ameandika n = (F + u)/(b − k) au ameigawanya vipande viwili, mradi thamani ni ileile. Mwalimu akitaka umbo fulani, kwa mfano vigawo, mfumo unakagua na hilo. Kila mwanafunzi anaweza kupewa namba zake tofauti, kwa hiyo kunakili kwa jirani hakumsaidii. Kinachonivutia zaidi ni aina ya swali ambalo mwanafunzi anaandika kazi yake mstari kwa mstari, na mfumo unakagua kama kila mstari unalingana na uliotangulia. Usawa ukikatika mstari wa tatu, anaonyeshwa ni mstari wa tatu.

Hilo linajibu pingamizi ninalolisikia sana, kwamba mtihani ni wa kalamu na karatasi. Ni kweli, na mkono lazima ujue. Ndiyo maana mimi huanza na programu inayotekeleza, ili mtoto ajifunze kuchagua, kisha naiondoa, naye anaandika mistari yake mwenyewe kwa kalamu, na kompyuta inarudi mwishoni kama msahihishaji. Pingamizi la pili ni vifaa. Kompyuta mpakato moja na projekta moja vinatosha darasa zima, ikiwa wanafunzi ndio wanaosema cha kuchapa na mwalimu anakubali kuchapa hata hatua ya ovyo bila kukunja uso. Tena mabishano ya darasa zima juu ya hatua inayofuata yanafundisha kuliko watoto 40 wanaokodolea macho skrini 40. Umeme ukikatika, tunaendelea ubaoni.

Nawaomba viongozi wa elimu mkoani wasianze na tenda ya kununua vifaa. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unahimiza ujuzi na matumizi ya TEHAMA, na vyuo kama Chuo cha Ualimu Butimba, kilichopo hapahapa mjini, vingeweza kuhakikisha kila mwalimu wa hisabati anayehitimu ameshika programu mojawapo ya hizi na kufundishia nayo kipindi kizima mbele ya wenzake. Wazazi nao wana nafasi yao. Mtoto anapofanya kazi yake ya nyumbani usimuulize amepata ngapi. Muulize, "Hapa umefanya nini pande zote mbili?" Hata asiyesoma hisabati anaweza kuuliza hivyo, na mtoto aliyenakili kutoka kwenye simu hatakuwa na la kujibu.

Walimu wa Nyamagana na Ilemela tunaweza kuanza na mada hii moja muhula ujao, bila kusubiri waraka. Na Maseno kunafikika kwa barabara, kupitia Musoma, Sirari na Kisumu. Wakienda wawili watatu kati yetu wakakaa na wahadhiri wa pale siku chache, watarudi na maswali ya STACK yaliyokwisha tungwa, ambayo wenyewe huyatoa yatumike bure. Kazi yetu itakuwa kubadilisha mifano na kuweka ndani yake bei za Mwaloni, na bei hizo wanafunzi watatuletea wenyewe kutoka nyumbani.